Tiruari ya Frigo na Jina la Ngabu

Grace, soma polepole. Weye unasomaka kama mutu anayekimbia mvua, na leo kuna mutu amesimama inje ya lango letu, anataka kusikia kila neno. Ni nani, nitasema nikifika kwake. Wengine muna kazi, najua, jipu mbili zinangoja breki, lakini breki zitangoja. Miye nimengojesha mambo makubwa kuliko breki.

Juzi mulinipa kiti cha plastiki chenye mikono, mukanipa keki, mukaniimbia. Aksanti. Halafu mukasema: Papa Zaka, utuandikie kidogo mambo ya kazi, ujuzi wako usiende nyumbani pamoja na weye. Vyeo sitasema, sikupata vingi. Niliingia kwenye hii garaji ya mradi wa chanjo nikiwa fundi wa kuchoma vyuma, na nimetoka fundi wa kuchoma vyuma, tofauti ni magoti na macho tu. Macho yangu sasa yanatoa maji hata nikitazama mushumaa. Nimechoka, watoto wangu, na si uchovu wa kulala kesho yake ukaamuka muzima.

Kazi nilifundishwa na muzee Ukumu, mutu wa Mahagi aliyekuwa na karakana ya milango na vitanda kule Nyakasanza. Siku ya kwanza alinipa tupa na kipande cha kornieri, ile chuma ya pembe, akaniambia niisugue mpaka mutu aweze kupitisha ulimi juu yake bila kuogopa. Nikasugua siku tatu. Siku ya ine akaja, akaangalia, akasema, "Pitisha."

"Ulimi gani, muzee?"

"Yako. Yangu minakulia chakula."

Nikapitisha, nikakatika, nikatema damu. "Sugua tena," akasema, akaenda kunywa chai yake. Alikuwa fundi mukubwa, na kitu alichochukia kuliko wizi ni kazi inayoonesha matumbo yake. Akitengeneza kabati, hutaona pahali chuma zinapokutana. Anafunika yote na tole, bati nyembamba la chuma, anapiga tupa, anapaka rangi, anapangusa na kitambaa. Ukimuletea kitu chenye uwazi, anaingiza kidole kwenye ule uwazi na kukuuliza kwa upole, "Minaona tundu hapa. Ulichoka ao?" Hiyo sauti imenifuata maisha yote. Na hiyo tole muikumbuke, itarudi.

Nilipokuja hapa garajini, chanjo zilikuwa zinasafiri katika masanduku ya barafu. Unajaza vipande vya barafu asubuhi, unafunga, unaomba Mungu. Kwa njia ya karibu inatosha. Kwa njia ya Fataki, ao ukienda upande wa Epulu wakati wa mvua, ile barafu inageuka maji kabla hujapata kijiji cha pili. Basi mradi ukaleta frigo ndogo za kubeba, zile zinazokula umeme wa gari. Ya kwanza ilifika na sanduku lake la karton na kijitabu chake, na watu wote wakatoka ofisini kuja kuigusa, kama bibi harusi. Ilikuwa nzito, watu wawili kuibeba, na mufuniko wake ulifungukia juu.

Hapo juu ndipo shida ilipokuwa. Ukiiweka nyuma ya jipu, dari haitoshi kufungua mufuniko vizuri. Mama Rozi, muganga wa chanjo, alikuwa anapanda ndani kwa magoti, anainama juu ya masanduku, kichwa kimegusa dari, mukono mumoja unashika mufuniko na mukono mwingine unatafuta chupa. Mara arobaini kwa siku. Munamukumbuka Mama Rozi, mutu munene mwenye kucheka, hakuwa mutu wa kuingia katika tundu la panya. Siku moja alirudi akashuka kwenye jipu kinyumenyume, akabaki ameinama hivyo kwenye kiwanja, hawezi kunyooka.

"Fundi," akaniita akiwa bado anaangalia chini, "angalia magoti yangu. Miye niko muganga ao niko mutu wa novena? Minaomba unitengenezee tiruari. Kama ya meza. Minavuta, frigo inakuja kwangu. Miye kwenda kwa frigo, mugongo yangu imekataa."

"Nitajaribu, Mama."

"Usijaribu. Tengeneza."

Tiruari ya kwanza niliitengeneza na vyuma vya kutelezesha nilivyong'oa kwenye kabati ya zamani ya ofisi, ile ya kuwekea mafaili. Nilijiona mwerevu sana. Shofere akaipeleka mpaka Iga Barriere, akarudi na frigo imelala kwa ubavu na vyuma vimejikunja kama tambi. Faili hairuki kwenye mashimo, frigo inaruka. Hilo ndilo somo la kwanza, Grace: usipime kitu kikiwa kimesimama kwenye simenti ya garaji. Gari ni kitu kinachopigwa siku nzima.

Ya pili niliitengeneza kama nilivyofundishwa. Reli mbili za kornieri ya arobaini, zimetazamana, na ndani yake rulma nane, zile beringi zinazozunguka, nilizozitoa kwenye vitu vilivyokufa: alternata, pampu, mashine moja ya kufulia. Juu yake kitanda cha chuma chenye ukingo ili frigo isiteleze, na mikanda miwili ya kuifunga. Kufuli niliweka la msumari na springi, na hapa musikilize vizuri, lazima liwe na matundu mawili ya kuingilia, moja tiruari ikiwa imefungwa, lingine ikiwa imevutwa inje. Watu wanasahau lile la inje. Siku gari limesimama kwenye mulima, pua juu, tiruari inatoka yenyewe na kumupiga muganga tumboni. Ao pua chini, inajifunga na vidole vyake.

Mafuta mazito kwenye reli, hapana. Vumbi letu likikutana na mafuta linakuwa dawa ya kusaga chuma. Pakeni mushumaa, mushumaa wa kawaida wa kanisa, mara moja kwa mwezi. Kabla ya kutoboa sakafu ya jipu, lala chini uangalie juu kuna nini. Fundi mumoja, sitamutaja jina, alitoboa tangi ya mafuta ya gari akiwa anapiga muluzi. Na waya ya umeme wa frigo ipe nafasi, iwe na mukunjo kama kamba ya mbuzi, iende na tiruari na irudi nayo bila kubanwa.

Vitu hivi vyote nilivifanya vizuri. Naviandika kwa sababu ni kweli, na juu vitawasaidia. Lakini ningeishia hapa ningekuwa nimewaandikia uongo mwingine.

Tiruari ilipokwisha, nikaitazama. Ilikuwa inateleza kama maji. Lakini ilikuwa inaonesha matumbo. Frigo imekaa juu ya vyuma vitupu, unaona waya, unaona mikanda, unaona uchomaji wangu. Nikasikia kile kidole cha muzee Ukumu: minaona tundu hapa, ulichoka ao? Basi nikachukua tole, nikazungushia frigo pande zote ine, toka chini mpaka chini ya mufuniko, imebana kabisa, hata karatasi haipiti. Nilikuwa na sababu na nilimwambia kila mutu: ni juu ya vumbi. Na vumbi kweli munalijua. Lakini sababu ya kweli ilikuwa uzuri.

Mutaniuliza: Papa Zaka, hukujua kama frigo inapumua? Frigo ya nyumbani najua, mugongo wake uko wazi, unaona mabomba meusi, ukigusa ni moto. Hii ilikuwa sanduku, sura moja pande zote, ila ubavu mumoja ulikuwa na vitundu vidogo kama vya redio, na kitaa kidogo, taa ya ukubwa wa kifungo. Nilidhani ni pahali kengele inapolilia. Kijitabu kilikuwepo, ndiyo. Kilikuwa cha Kiingereza na lugha zingine mbili zisizojulikana hapa, na mimi nilipotaka kupaka rangi nilihitaji karatasi ya kufunikia mufuniko na mikanda isipate rangi. Nikachana kijitabu, nikabandika kurasa zake, nikapuliza buluu. Ikatoka nzuri, watoto wangu. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nimefanya. Mama Rozi alivuta tiruari kwa kidole kimoja, frigo ikamujia mpaka tumboni, akafungua mufuniko akiwa amesimama wima, akalia kidogo. Akasema, "Fundi, Mungu akupe mugongo yangu ya zamani."

Majuma matatu jipu ile ilizunguka hapa mujini na pembeni, inatoka asubuhi na baridi, inarudi saa sita. Frigo ilikuwa sawa. Halafu ikaenda Fataki.

Shofere alikuwa Ngabu. Huyo lazima niwajulishe, juu wengi wenu mumekuja nyuma yake. Mutu mwembamba, wa kimya, aliyevaa kofia moja miaka yote. Kwao ni kule kule, upande wa Fataki. Vita ilikuwa imefukuza watu wa kwao, wengine wamekimbilia hapa Bunia, wengine wamekaa katika mahema karibu na kule, na surua ilikuwa imeingia katika mahema. Wale watoto waliokuwa wanangoja chanjo walikuwa wa kwao. Dada yake mwenyewe, Leyi, alikuwa kwenye mustari na mutoto mugongoni. Ngabu aliamuka kabla ya wote, akaosha jipu, akachukua mushumaa wangu akapaka reli mwenyewe. Alikuwa shofere wa namna hiyo.

Njiani wakakuta lori limezama katika tope na kufunga njia yote. Mama Rozi akaona siku inakwisha, akashuka, akaenda kwa muguu na watu wawili wa kijiji kutayarisha wamama kule mbele. Ngabu akabaki na jipu. Akaacha moteri inawaka ili frigo ipate umeme, kama alivyoambiwa, akafunga madirisha juu ya vumbi la wale waliokuwa wanachimba, akakaa. Saa ine nzima kwenye jua. Lori likatoka, akafika, Mama Rozi akavuta tiruari, akafungua. Kipimo kinachojiandikia joto kilikuwa kimepanda toka saa nyingi. Sheria ya chanjo haina huruma: joto likipita mustari wake, unatupa. Akatupa zote.

Wamama walikuwa wametembea toka alfajiri. Mama Rozi akasimama mbele yao akawaambia murudi nyumbani, na wengine hawakuwa na nyumba. Chanjo zingine zilifika kule baada ya siku tisa. Sehemu moja ya wale watu walikuwa wamekwisha kimbia tena, mbele zaidi, na sijui walienda wapi na watoto wao. Hiyo nayo ni yangu. Naandika hapa kwa kuwa sijapata pahali pengine pa kuiweka.

Kesho yake waliita watu wote, hapa hapa mulipoketi. Munajua jipu zile zilikuwa na pahali pamoja tu pa kuchomeka umeme mbele, na mashofere walikuwa wanachomoa frigo ili wachaji simu. Kila mutu alijua. Shefu wa lojistiki wa wakati ule hakuwa mutu mubaya, alikuwa mutu mwenye haraka. Akaomba simu ya Ngabu, akaiwasha. Ilikuwa imejaa kabisa.

"Toka Bunia, siku nzima njiani, na simu imejaa. Namna gani?"

"Nilichajia kwa jirani, shefu. Iko na paneli ya jua. Nilifika njiani nikaizima, haikutumika."

"Ulichomoa frigo."

"Sikugusa. Shefu, dada yangu alikuwa pale. Ningegusa namna gani?"

Mama Rozi aliulizwa. Akasema hakuwa kwenye jipu, hawezi kuapa, lakini Ngabu hamuoni hivyo. Alisema akiwa anatazama chini. Halafu shefu akanigeukia miye.

"Fundi, tiruari yako iko sawa?"

Nilikuwa nimeiangalia asubuhi ile. Reli sawa, rulma sawa, kufuli sawa, waya haikubanwa. Nikajibu mbele ya watu wote, "Iko sawa." Siku ile nilisema ninavyojua. Ngabu aliniangalia. Wakamwondoa kazini, na jina lake wakalibandika kwenye kibanda cha sentineli, mulinzi wa lango, pamoja na majina ya wale wasioruhusiwa kuingia. Ile karatasi iko pale mpaka leo, imekuwa ya njano, hakuna mutu anayeisoma tena.

Juma moja baadaye, nikaombwa kutengeneza tiruari ya jipu ya pili. Nikatoa karatasi za kufunikia rangi, zile za kijitabu, juu mimi situpi kitu. Moja ilianguka kwenye simenti ikiwa imegeuka. Ilikuwa na buluu pembeni, na katikati picha. Picha ya frigo, ubavu wenye vitundu. Mishale inaingia, mishale inatoka. Na kati ya frigo na ukuta wamechora kiganja cha mutu, kimefunguliwa, kuonesha nafasi ya kuacha. Chini yake frigo ingine, imebanwa na ukuta, na juu yake alama kubwa ya musalaba wa kukataza.

Kiingereza hakikuwa na kazi pale. Mutoto wa maternele, shule ya wadogo kabisa, angeielewa.

Nikaketi. Kisha nikasimama, nikafanya kitu ambacho, baada yake, nisingeweza tena kusema sikujua. Nikaingiza jipu ya kwanza kwenye jua, nikafunga madirisha, nikawasha moteri, nikangoja. Saa sita nikaweka mukono juu ya tole, upande wa vitundu. Sikuweza kuuacha pale, tole ilikuwa moto. Nikakata tole kwa grenda, na nyuma yake kile kitaa kilikuwa kinawaka chekundu. Kilikuwa kinaonya. Kule njiani kilimuwakia Ngabu saa nyingi, nyuma ya kazi yangu nzuri.

Sasa munangoja niseme nilikimbia kwa shefu. Sikukimbia. Nilipiga matundu kumi na nane, sita kila ubavu na nyuma, nikaacha nafasi ya kiganja, nikapaka rangi tena. Zote nilizotengeneza baadaye zina matundu hayo. Munazijua, munaziiga, na wageni wakija wanazipiga picha. Shefu aliniuliza, "Umebadilisha?" Nikasema, "Kidogo, juu ya hewa." Akanisifu mbele ya watu. Nilikubali sifa.

Nimejidanganya miaka mingi kwamba nilinyamaza juu ya watoto wangu, juu ya shule yao. Watoto wangu sasa ni watu wazima, na niliendelea kunyamaza. Ilikuwa haya tu. Nilikuwa fundi wa muzee Ukumu, aliyefunika tundu lililokuwa la lazima, na sikutaka kidole cha mutu kiingie pale.

Ngabu akaanza kuendesha moto, pikipiki ya kubeba watu. Mashofere wetu walimukuta kwenye kituo, na munajua mulomo wa mashofere. Wakamuita Sharje, yaani chaji. Eh Sharje, simu yangu inakufa! Eh Sharje, nipeleke sokoni! Jina likashika. Watoto wa Mudzipela, mutaa wake, wanamuita hivyo na hawajui limetoka wapi. Mimi nilikuwa napita njia ingine ili nisipite kile kituo, magoti haya mabovu, kila siku.

Mara moja tu mvua ilinishika sokoni, nikasimamisha moto, mutu amejifunika koti la mvua mpaka machoni. Nikapanda. Tulipofika kwangu akafungua kofia ya koti. Alikuwa yeye.

"Mama Rozi mugongo yake iko namna gani?" akaniuliza.

"Iko afadhali."

"Tiruari ingali inateleza?"

"Inateleza."

"Ni vizuri," akasema. Hakukuwa na uchungu katika sauti yake, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Aliniona kama mutu wa kumuuliza habari za kazi aliyoipenda. Nilisimama kwenye mvua mpaka muke wangu akanifuata na mwavuli, akaniuliza kama nimepata kichaa.

Na hivi ningekufa nayo. Lakini juma lililopita nilikukabizi sanduku la vyombo, Grace, na weye ukaanza kutoa kimoja kimoja na kuuliza, kama unavyoulizaka. Tupa ya muzee Ukumu. Mushumaa. Chini kabisa ukakuta ukurasa wenye buluu pembeni. "Papa, hii nayo ni ya nini?" Nikasema nitakuambia kesho. Ulicheka, ukaufuta vumbi, ukaniwekea kwenye mufuko wa shati.

Kesho yake nilienda Mudzipela. Ngabu alikuwa anaosha moto yake kwenye kiwanja. Akaniletea kiti. Nikampa ukurasa badala ya salamu, juu sikujua nianzie wapi. Aliuangalia muda murefu, akapitisha kidole juu ya ule mukono uliochorwa. Yeye ni shofere, hakuhitaji nimueleze.

"Tole," akasema.

"Tole."

"Ulijua toka lini?"

"Juma moja baada ya wao kukuondoa."

Aliweka kitambaa chake kwenye ndoo. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Akasema polepole, "Leyi alikufa mwaka juzi. Mutoto yake alipona, Mungu asaidie, lakini Leyi alikufa akiamini kwamba miye nilichukua chanjo ya batoto ya kwetu, nikaweka chaji mu simu. Hakuniambiaka. Lakini alipokuwaka ananiwekea chakula, alikuwaka anaangalia kando."

"Ngabu, minaomba—"

"Usiniombe kintu! Ukiniomba, ndiyo miye tena nitafanya kazi ya kukusamehe. Miye nimechoka kuliko weye." Akainuka. Akazunguka moto yake mara mbili. Halafu akaniambia anachotaka, na hakikuwa kikubwa. Niandike yote. Isomwe garajini, mukutano wa asubuhi, watu wote wakiwepo, mashofere mbele. Yeye asimame kwenye lango asikie. Nikasema nitasoma mwenyewe. Akakataa.

"Asome mutu mwingine. Sauti yako minaijua. Ilisema iko sawa."

Basi, Grace, ndiyo sababu ni weye unayesoma na miye niko nyuma, kwenye kile kiti mulichonipa. Ujuzi wangu muliotaka ni huu. Mushumaa kwenye reli. Kufuli lenye matundu mawili. Nafasi ya kiganja, na kijitabu kisomwe kabla ya kuchanwa. Na mutu akikuuliza mbele ya wengine kama kazi yako iko sawa, na kesho yake ukajua haikuwa sawa, rudi kesho yake. Musingoje kiti cha plastiki.

Ukurasa wenye buluu uko kwenye meza. Pitisheni mukono kwa mukono, mashofere kwanza, na kila mumoja aweke kiganja chake juu ya kile kilichochorwa. Kisha mutu aende kwenye kibanda atoe ile karatasi ya njano.

Sentineli, fungua lango. Anaitwa Ngabu.